Muulize Halafu Unyamaze: Jinsi ya Kumwongoza Mtoto kwa Maswali

Pita kwenye korido ya ploti yoyote Umoja au Pipeline mwendo wa saa moja jioni, chakula kikiwa mekoni na watoto wametoka shule, na utasikia maswali mlango baada ya mlango. "Ni mara ngapi nimekuambia?" "Hayo masikio ni ya mapambo?" "Wewe umelogwa?" "Huyo aliyekuwa nambari moja ana vichwa viwili?" Ukiyahesabu, utadhani Nairobi imejaa wazazi wenye hamu kubwa ya kujua fikra za watoto wao. Sasa jaribu kuwa mtoto, ujibu. Mwambie mama, "Umeniambia mara nne," uone kitakachofuata.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi kwa kukuongezea maswali. Unayo mengi tayari. Kwanza tutayapunguza, kisha yatakayobaki yawe maswali kweli: yale unayouliza kwa kuwa hujui jibu, na uko tayari kulipokea likija. Hapo kwenye kulipokea ndipo wengi hukwama.

Kuhusu kiboko sitasema mengi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu zisizo za kibinadamu. Shuleni kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Sheria imekuambia uweke mwiko chini. Haijakuambia ufanye nini ukishauweka, na mtoto bado amesimama mbele yako, pakiti ya maziwa imepasuka, paka wa jirani anachungulia mlangoni.

Hatua ya kwanza: acha maswali yasiyo maswali

Sikiliza ulimi wako kwa siku mbili tatu bila kubadilisha chochote. Utagundua maswali yako mengi ni kofi lililovaa nguo za maneno. "Una akili kweli?" halitafuti jibu. Linatafuta mtoto ainamishe kichwa. Mtoto aliyezoea maswali ya aina hiyo hufunga masikio mara tu sauti ya mzazi inapopanda, na siku utakapomuuliza kwa nia njema atakutazama akingoja kofi. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla hajaamini kwamba sasa unauliza kweli.

Halafu kuna swali la mtego, nalo ni baya kuliko linavyoonekana. Umeona ganda la ndizi chini ya kitanda, na ulimwona kwa macho yako akiila, kisha unauliza, "Nani amekula ndizi?" Umemfungulia mlango wa uongo na ukamsukuma apite. Hata mtoto wa miaka minne, sukari ikiwa bado mdomoni, atakwambia si yeye. Anatafuta pa kutokea tu, na wewe ndiye uliyemwonyesha. Baadaye anaadhibiwa mara mbili, kwa ndizi na kwa uongo, ilhali uongo ulichangia wewe. Kama unajua, sema unachojua: "Nimeona ganda chini ya kitanda. Ndizi hizo zilikuwa za kubeba shule kesho." Kisha uliza kitu usichokijua.

Lingine ni amri inayojifanya swali. "Utaoga saa hizi?" "Unaweza kuzima TV?" Watoto hujibu swali waliloulizwa, na jibu lao ni "Hapana." Kipimo ni rahisi: kabla ya kuuliza, angalia kama kuna majibu mawili unayoweza kuyakubali. Kama ni moja tu, usiulize. Sema, "Zima TV, kuja tule." Amri ya upole haina ubaya wowote. Wako wazazi wanaosoma mambo ya malezi kwenye simu mpaka wakageuza kila kitu kuwa swali, na mtoto wa miaka mitatu ndiye anayeamua kama familia italala. Huko ni kumtwika mtoto mzigo wa mtu mzima.

Hatua ya pili: pima wakati na mahali

Mnavuka Outer Ring Road na bodaboda inakuja kasi: hapo hakuna swali. Mshike mkono, mvute, hata ukipiga kelele ni sawa. Sufuria ya githeri inachemka na anainyooshea mkono, amegusa waya wa stima, anarusha mawe kwa mtoto mwingine: zuia kwanza. Maswali yatakuja akiwa salama.

Mtoto mwenye njaa au usingizi pia haulizwi. Fikiria ratiba ya mtoto wa Nairobi anayepanda basi la shule kabla jua halijatoka na kurudi saa kumi na moja jioni baada ya kukaa kwenye foleni ya magari. Akitupa begi mlangoni na kumsukuma mdogo wake, shida inaweza kuwa tumbo. Mpe uji au ndizi, mwache dakika ishirini. Utashangaa ni makosa mangapi huisha hapo, bila hata swali moja.

Na wewe mzazi vilevile. Umetoka kazini, Mombasa Road imekula saa mbili zako, makanga ameongeza nauli kwa sababu ya mvua. Ukiuliza chochote dakika hiyo, litatoka swali la kofi. Mwambie, "Nimechoka na nimekasirika. Tutaongea nikishavua viatu." Kisha muongee kweli. Ukisema hivyo ukasahau, mara ya tatu hatakuamini.

Mahali ni gumu zaidi hapa kwetu, kwa sababu nyumba ni ndogo. Chumba kimoja kina wazazi, watoto watatu na mgeni wa kutoka nyumbani, na ukuta unapitisha kila neno. Usimhoji mtoto mbele ya rafiki zake, wala kwenye korido akina mama wakifua. Mtoto akiwa na watazamaji hujibu watazamaji. Njia inayofanya kazi ni kumtafutia shughuli ya mikono mkiwa bega kwa bega: twende kwa mama mboga pamoja, nisaidie kuchambua sukuma wiki, tuoshe viatu vya shule, tupandishe mitungi ya maji. Watoto wengi, hasa wavulana, husema mambo wasipotazamwa machoni. Ile desturi ya "niangalie nikiongea na wewe" huwafunga midomo, na katika jamii zetu nyingi mtoto kumkodolea mzazi macho ilihesabiwa kuwa utovu wa adabu hata hivyo. Mtoto akiangalia nyanya anazopanga, usimlazimishe kuinua uso. Anasikia.

Hatua ya tatu: swali lilingane na umri

Kabla ya miaka mitatu, swali pekee lenye faida ni la kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo vyote umevikubali. "Uvae sweta nyekundu ama ya kijani?" Sweta atavaa, na ameamua yeye.

Kuanzia mitatu hadi sita, uliza kuhusu vitu vinavyoonekana na kushikika. "Viatu vinalala wapi?" "Nionyeshe ulivyomgusa mtoto. Sasa nionyeshe mkono wa pole." Usimuulize mtoto wa miaka minne, "Kwa nini ulifanya hivyo?" Hajui. Alitaka gari la mwenzake, mkono ukatangulia, basi. Ukizidi kumbana atakutungia sababu ili akuridhishe. Na usirudie swali lile lile mara tatu: mtoto mdogo akiulizwa tena hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, kwa hiyo analibadilisha. Ndivyo wazazi hupata hadithi tatu za tukio moja, wakasema mtoto ni mwongo.

Kuanzia saba hivi mpaka kumi na mbili ndio wakati wenye rutuba. Anaweza kusimulia tukio kwa mpangilio, anaweza kufikiria mwenzake alijisikiaje, anaweza kupanga. Hata hapa "kwa nini" humfanya ajitetee, kwa sababu kila mara alipolisikia lilikuwa na hasira ndani. "Ilikuwaje?" hukupa sababu ile ile bila vita.

Kijana wa sekondari atapata sehemu yake hapo chini. Kwa sasa kumbuka tu kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kupanga na kujizuia, ndiyo hukomaa mwisho, mtu akikaribia miaka 25. Mwanao wa miaka kumi na tano mwenye ndevu mbili na sauti ya kondakta bado anajengwa.

Hatua ya nne: sema ulichoona, omba hadithi, kisha mtafute la kufanya

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mvulana wa miaka tisa ametumwa na shilingi 100 kununua nyanya za 50 na vitunguu vya 20. Anarudi na nyanya na vitunguu, anaviweka mezani, anageuka kutoka haraka. Chenji haionekani. Ulimi wake ni mwekundu kama rangi ya kucha, na vidole pia. Mabuyu.

Mama anaendelea kukata kitunguu.

"Naona ulimi mwekundu, na sijaona chenji. Hebu niambie ilivyokuwa, kuanzia ulipotoka hapa mlangoni."

Kimya. Mama anakata kitunguu cha pili. Mvulana anavuta uzi wa shati lake.

"Nilinunua mabuyu."

"Mm."

"Pakiti mbili."

Hapa ndipo wazazi wengi huruka: "Mbili! Zote ukala peke yako!" Mama wetu hasemi kitu.

"Moja ilikuwa ya huyu rafiki yangu wa ghorofa ya tatu. Jana ye ndiye alininunulia. Akaniambia leo ni mimi. Wote walikuwa pale."

Sasa hadithi imebadilika. Kilichoonekana kama wizi wa chenji kina deni ndani yake, na aibu ya kudaiwa mbele ya wenzake. Kosa bado ni kosa, pesa hazikuwa zake. Ila dawa ya mwizi na dawa ya mdaiwa hazifanani, na kama mama angeanza na mwiko asingejua hata siku moja anatibu nini.

"Kwa hiyo ulikuwa na deni."

"Ndiyo." Anatoa sarafu ya shilingi kumi mfukoni, inanata sukari, anaiweka karibu na nyanya. "Hii ilibaki."

"Asante kwa kuileta. Zile thelathini nilizipangia unga wa uji wa asubuhi. Sasa zimepungua ishirini. Tufanyeje?"

"Sijui... Nisinywe uji."

"Hapana, uji utakunywa. Fikiria lingine."

"Zile ishirini zangu za Ijumaa. Chukua hizo."

"Sawa. Ijumaa sitakupa. Na ukidaiwa tena siku nyingine, utafanya nini kabla hujagusa pesa za nyumba?"

"Nitakuambia."

"Hata kama wote wako pale?"

Anacheka kidogo. "Nitawaambia mama ananiita, nikimbie."

Si mpango mbaya. Ni wake, na kwa kuwa ni wake kuna uwezekano ataukumbuka.

Angalia mama alichofanya. Alitaja alichokiona kwa macho, bila jina la mtoto wala tabia yake, yaani hakumwita mwizi. Akaomba hadithi nzima kuanzia mwanzo, ambayo ni tofauti na kuuliza vipande vipande kama askari wa zamu. Akampa habari ambayo mtoto hakuwa nayo, kwamba pesa zilikuwa za unga. Mtoto hawezi kufikiria madhara asiyoyajua. Ndipo akamkabidhi kazi ya kurekebisha. Na kumbuka alikataa pendekezo moja. Watoto wakiulizwa adhabu yao wenyewe mara nyingi hutaja kitu kikali mno, kama kulala njaa, na ni jukumu lako kukataa. Kuuliza hakukuondolei umama wala ubaba.

Hatua ya tano: nyamaza

Hii inaandikwa kwa mistari michache na huchukua miaka kuizoea. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alichunguza walimu darasani akakuta kwamba, baada ya kuuliza, walingoja kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena wao. Walipojizuia wakangoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakarefuka na waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Sekunde tatu. Nyumbani, mtoto akiwa na hofu, mpe kumi, ishirini. Kata kitunguu. Kunja nguo. Kimya chako ndicho kinachomwambia kwamba jibu linangojewa.

Halafu kuna "sijui," jibu la taifa la watoto. Mara nyingine ni hofu: anajua, anapima hali ya hewa. Mwambie, "Sitakupiga, nataka kuelewa," na useme hivyo tu kama ni kweli. Mara nyingine hajui kweli, na hapo umsaidie kwa swali dogo zaidi: "Kabla hajalia, mlikuwa mnacheza nini?" Na mara nyingine amechoka na wewe. "Basi fikiria, nitakuuliza tukimaliza kula." Ukimaliza kula, uliza.

Akijibu kwa Sheng, mwache. Kuna mzazi ambaye mtoto akianza kumfungulia moyo yeye anamkatiza: "Sema vizuri, hapa si steji." Mtoto alikuwa anakupa siri, wewe umempa somo la lugha. Sarufi itafundishwa shuleni.

Hatua ya sita: usimwadhibu kwa kusema kweli

Ukishauliza na mtoto akasema ukweli mchungu, sekunde hiyo moja ndiyo itakayoamua kama atakuambia mwingine. Pumua. Sema, "Nimefurahi umeniambia." Matokeo ya kosa yabaki: simu iliyopasuka bado imepasuka, mwenzake bado anadai pole. Lakini yawe matokeo ya kosa, yasiwe malipo ya ukweli, na tofauti hiyo mtoto huiona haraka kuliko unavyodhani.

Suluhisho lake likiwa na kasoro ndogo, lipokee. Atakuambia atamtengenezea dada yake kitabu alichorarua kwa gundi ya unga, na wewe unajua haitashika. Mwache ajaribu. Likiwa haliwezekani kabisa, muulize, "Na hiyo ikikataa?" Suluhisho la mtoto lililo nusu sawa hufanya kazi kuliko lako lililokamilika, kwa kuwa lako atalitimiza ukiwepo tu.

Hatua ya saba: maswali bora ni ya kabla ya tukio

Kama ungechukua sehemu moja tu ya maandishi haya, ningependa iwe hii. Tumezoea kuuliza baada ya kuharibika. Uliza kabla, wakati hakuna mwenye hasira.

Mnaenda supamaketi na mwanao hulia mbele ya rafu ya peremende. Mkiwa bado njiani: "Leo tunanunua mchele, sabuni na mafuta. Ukiona kitu unakitaka, utafanya nini badala ya kulia?" Mnaenda nyumbani Desemba kumwona shosho: "Tukifika, nani tutamsalimia kwanza? Akikupa chakula usichokipenda utamwambiaje?" Watoto wa mjini huitwa hawana adabu wakifika ushago, kumbe hakuna aliyewafanyisha mazoezi. Dakika tano kwenye gari zingetosha.

Asubuhi ndipo njia hii inalipa zaidi. Basi la shule linakuja saa kumi na mbili kasorobo, na mama anapiga orodha: vaa soksi, chukua chupa, daftari liko wapi, funga kamba. Kesho orodha ile ile. Jaribu swali moja tu, lile lile kila siku: "Umebakisha nini?" Siku za kwanza ataduwaa. Mwelekeze macho kwenye kona ya begi. Baada ya muda utamsikia akinong'ona peke yake akizunguka chumba, "Nimebakisha soksi, nimebakisha chupa." Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, aliandika juu ya jambo hilo: watoto wadogo hujisemea kwa sauti wakifanya jambo gumu, na polepole maneno hayo huingia ndani yakawa fikra. Ndicho tunachokitafuta. Swali lihame kutoka mdomoni mwako liingie kichwani mwake, maana makosa yake makubwa atayafanya wewe ukiwa hupo.

Kwa sababu hiyo usiwe na maswali ishirini. Chagua machache uyarudie mpaka yazoeleke: "Umebakisha nini?" "Ilikuwaje?" "Tufanyeje sasa?" Na umfundishe pia dada anayekaa naye mchana kutwa. Nyumba nyingi za Nairobi mtoto hukaa na msaidizi saa nyingi kuliko anavyokaa na mama, na haisaidii jioni kuulizwa "ilikuwaje" kama mchana aliulizwa "umelogwa".

Wakigombana wawili

Futa swali la "Nani alianza?" Utapata majibu mawili na ngumi ya tatu. Mnapanda matatu Donholm kwenda mjini na wote wanataka dirisha. "Kiti cha dirishani ni kimoja, nyinyi ni wawili. Mpangeje?" Mkubwa atasema, "Mimi nikae mpaka City Stadium, halafu yeye." Mdogo anaijua Jogoo Road vizuri: ukifika City Stadium umekaribia kushuka mjini. Atapinga. Waache wabishane bila kugusana. Wakikubaliana kubadilishana Hamza, kituo kilicho kabla ya City Stadium, umetoka hapo bila kuamua chochote. Wasipokubaliana kabla gari kujaa, dirisha ni lako na utazame nje bila kununa.

Kijana

Tenganisha maswali ya usalama na maswali ya fikra. Uko wapi, na nani, utarudi na nini, saa ngapi: haya ni haki yako, uliza waziwazi, na mwambie hayajadiliwi. Usiyafunike kwa utamu. Mengine yote, punguza. Binti wa miaka kumi na minne akirudi saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili, hakikisha yu mzima, mpe chakula, uliza swali moja: "Nini kilikuchelewesha?" Yanayosaidia kweli ni ya kupanga: "Ukikosa matatu saa hiyo, mpango wako ni upi?" "Wenzako wakisema twende mahali na moyo wako umekataa, utajitoaje bila kuaibika?" Mkubaliane hata neno la siri ambalo akikutumia kwenye simu utampigia umfokee arudi nyumbani, ili lawama iwe yako. Vijana hulipenda sana hili.

Na shosho akisema unamharibu mtoto

Atasema. "Siku hizi mtoto anaulizwa maoni?" Mkumbushe vitendawili. Mtu mzima alisema "Kitendawili!", watoto wakajibu "Tega!", na baada ya swali kulikuwa na kimya, wakajaribu, wakakosea, na aliyeshindwa alitoa mji akaambiwa jibu bila kutukanwa. Watoto walifundishwa kufikiri hivyo kabla ya mtaala wa umilisi kufika shuleni na kuweka kufikiri kwa kina na utatuzi wa matatizo kati ya mambo makuu ya kufundishwa.

Na hili si kulea kwa kulegea. Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza wazazi miaka ya 1960 akaona wale wa amri tupu, wale wanaoachilia, na wale wenye masharti makali lakini wanaoeleza na kusikiliza. Watoto wa kundi la mwisho ndio waliojitegemea na kujizuia zaidi. Masharti makali yamo humo humo.

Pale usipotakiwa kuuliza sana

Mtoto akikuambia, au ukihisi, kwamba kuna mtu amemgusa vibaya au amemuumiza, weka kando kila kitu kilichosemwa hapo juu isipokuwa kimya. Swali moja la wazi linatosha: "Niambie kilichotokea." Usimtajie jina la mtu, usimkisie, usimrudishe kwenye hadithi mara tano kwa shangazi na kwa jirani. Mwambie si kosa lake. Piga 116, namba ya bure ya Childline Kenya, mpelekeni hospitali, na wenye kazi hiyo wamhoji wao.

Akianza kukuuliza wewe

Ukifuata haya, itafika siku. "Mama, ulisema tusipige kelele, mbona ulimpigia yule makanga?" Jibu. Kama ana haki, mwambie ana haki. Kama kuna sababu asiyoijua, mpe. Unachoweza kumdai ni sauti ya heshima na wakati mzuri. Akikuuliza mbele ya wageni, mwambie utamjibu wakishaondoka, na wakishaondoka, mwite umjibu.